Pindo, Mji na Jina: Jinsi ya Kujenga Matabaka ya Maana Katika Mchoro wa Takwimu

Anayenunua kanga haisomi kama anavyosoma barua. Muuzaji akiikunjua juu ya meza, rangi humfikia mteja kwanza, kabla hajajua kilichochorwa ni nini. Kisha jicho hutua kwenye mji, yaani uwanja wa katikati, likatambua kama ni korosho, maua au jogoo. Kisha huzunguka na pindo hadi pembeni. Na mwisho kabisa mteja huinama asome jina, kwa kuwa jina ndilo litakaloamua kama kanga ile atampelekea mama mkwe au ataivaa siku jirani fulani akipita.

Mchoro wa takwimu, uwe ni grafu ya gazetini, ramani ya ukutani katika ofisi ya wilaya au picha inayozunguka kwenye makundi ya WhatsApp, husomwa karibu kwa mpangilio huohuo. Rangi na umbo hufika kwanza, bila kumwomba msomaji ruhusa. Maneno na tarakimu hufuata. Na nyuma ya vyote kuna yale ambayo msomaji alikuwa nayo kichwani kabla hajauona mchoro. Wengi wetu hufanya kazi kinyumenyume: tunapakia tarakimu kwenye lahajedwali, tunabonyeza kitufe cha grafu, tunachagua rangi iliyotupendeza, halafu tunaandika kichwa dakika ya mwisho. Mwongozo huu unaeleza namna ya kujenga tabaka moja baada ya jingine kwa kutumia mfano mmoja, nao ni idadi ya watu wa Tanzania kwa mikoa kama ilivyopatikana katika Sensa za mwaka 2012 na 2022. Nimeuchagua kwa sababu tarakimu zake zinafahamika, na kwa sababu humpotosha kila anayezichora kwa haraka, mimi nikiwamo.

Tafuta jina kabla ya kuchora

Hakuna kanga iliyoandikwa "Maua mekundu juu ya kitambaa cheupe". Hata hivyo grafu zetu nyingi zina vichwa vya namna hiyo: "Idadi ya watu kwa mkoa, 2012 na 2022". Kichwa kama hicho kinafaa kuwa jina la faili. Kabla ya kufungua programu yoyote, chukua karatasi na uandike sentensi moja kamili, yenye kitenzi, inayosema kile ambacho ungemjibu mwenzako kwa mdomo kama angekuuliza umeona nini katika tarakimu hizo.

Tujaribu. Mwaka 2012 Dar es Salaam ilikuwa na watu 4,364,541. Mwaka 2022 walikuwa 5,383,728. Sentensi ya kwanza inajileta yenyewe: "Dar es Salaam imeongeza watu zaidi ya milioni moja katika miaka kumi." Ni kweli tupu. Lakini weka kando yake nchi nzima, iliyotoka watu 44,928,923 ikafika 61,741,120. Ongezeko la Dar es Salaam ni asilimia 23, la nchi ni asilimia 37. Kumbe jiji ambalo kila mtu analalamika kwamba limefurika lilikua polepole kuliko nchi yenyewe, na fungu lake katika idadi ya Watanzania wote lilishuka kutoka asilimia 9.7 hadi 8.7. Sentensi ya pili ni hii: "Dar es Salaam inakua, lakini nchi inaipita." Sentensi zote mbili zimetoka kwenye chungu kimoja, na kila moja inadai mchoro wake. Usipochagua wewe, programu itakuchagulia, nayo haijui unazungumza na nani.

Tusimame hapa kidogo, maana jambo bado halijaiva. Mkoa wa Pwani, unaoizunguka Dar es Salaam kwa upande wa nchi kavu, ulikuwa na watu 1,098,668 mwaka 2012 na 2,024,947 mwaka 2022, ongezeko la asilimia 84. Anayepanda basi alfajiri kutoka Kibaha au Mkuranga kwenda kazini Kariakoo atahisi mara moja jibu liko wapi. Ukiijumlisha mikoa hiyo miwili, unapata watu 5,463,209 mwaka 2012 na 7,408,675 mwaka 2022, ongezeko la asilimia 36, karibu sawa kabisa na la nchi. Mpaka wa mkoa, mstari ambao hakuna mtu anayeuona akivuka barabarani, ulikuwa umejificha ndani ya takwimu kama tabaka la maana ambalo hakuna aliyelichora kwa makusudi.

Hapo nilishawishika kuandika: "Dar es Salaam haikupunguza mwendo, imehamia Pwani." Lilikuwa jina tamu, nikalifuta. Jumla hizi mbili zinaonyesha watu waliokuwapo kila mkoa; hazisemi nani ametoka wapi, na Pwani ina wilaya za mbali, kama Rufiji na Mafia, ambazo si viunga vya jiji. Jina nililolibakiza ni la kiasi zaidi: "Ukiihesabu pamoja na Pwani, Dar es Salaam imekua sambamba na nchi." Kanuni ninayoifuata ni kwamba kila neno la kichwa lazima niweze kuliwekea kidole mahali fulani ndani ya mchoro, na neno "imehamia" sikuwa na pa kuliwekea.

Mji: umbo liseme jambo lilelile

Mwaka 1984 watafiti wawili wa Marekani, William Cleveland na Robert McGill, walichapisha majaribio kuhusu namna macho ya binadamu yanavyokadiria kiasi katika grafu. Kwa mpangilio walioupendekeza, watu huwa sahihi zaidi wanapolinganisha nafasi za vitu kwenye kipimio kimoja, wakifuatia katika urefu na pembe, kisha eneo, na mwisho kabisa katika mkolezo wa rangi. Mpangilio huo unatosha kukuongoza katika kazi nyingi za kila siku: lile jambo lililo ndani ya jina lako lipe nafasi au urefu, na yale ya pembeni uyaachie eneo na rangi.

Chukua miduara, ambayo wasanifu wengi huipenda kwa kuwa inajaza ukurasa vizuri. Dar es Salaam ina watu karibu mara 4.7 ya Katavi, iliyokuwa na watu 1,152,958 mwaka 2022. Ukimpa Katavi mduara wenye kipenyo cha sentimita 1 na Dar es Salaam sentimita 4.7, eneo la mduara mkubwa litakuwa karibu mara 22 ya mdogo, na msomaji ataondoka akiamini uongo ambao hakuna tarakimu iliyousema. Dawa yake ni kutafuta kipeo cha pili: kipenyo cha Dar es Salaam kiwe takriban sentimita 2.2. Hata hapo macho yetu huwa na tabia ya kulikadiria eneo kubwa kuwa dogo kuliko lilivyo, kwa hiyo miduara itumike pale ambapo ukadiriaji wa jumla unatosha.

Grafu ya nguzo ni salama zaidi kwa sharti moja, kwamba nguzo zisimame juu ya sifuri. Mwanza ilikuwa na watu 3,699,872 mwaka 2022 na Tabora 3,391,679, maana yake Mwanza inaizidi Tabora kwa asilimia 9. Ukikata mhimili wa wima ukaanzia 3,300,000 ili "tofauti ionekane vizuri", nguzo ya Mwanza itasimama kwa urefu zaidi ya mara nne ya ile ya Tabora. Niliwahi kukaa kwenye kikao ambacho nguzo za namna hiyo, zikiwa zimerushwa ukutani kwa projekta, ziliwafanya watu wazima wabishane nusu saa juu ya tofauti ambayo kwa kweli ilikuwa ndogo. Tarakimu zilikuwa zimeandikwa juu ya kila nguzo, kubwa na sahihi. Hakuna aliyezitazama, kwa kuwa umbo lilikuwa limeshasema. Mstari unaoonyesha mabadiliko ya wakati unaweza kuanzia kwingine, kwa sababu jicho hufuata mwinamo wake. Nguzo haina uhuru huo, maana urefu wake mzima ndio ujumbe.

Kwa jina letu, umbo nililolichagua ni mistari minne kati ya miaka miwili. Chora mistari miwili ya wima, wa kushoto ukiwa 2012 na wa kulia 2022, ikiachana kwa upana wa kiganja. Mwaka 2012 kila kundi liwe 100. Upande wa kulia nchi inafika 137, Dar es Salaam peke yake 123, Pwani 184, na Dar es Salaam pamoja na Pwani 136. Mistari yote inaanzia nukta moja na kuachana kama vidole vya mkono, na mstari wa mikoa miwili unatembea bega kwa bega na wa nchi. Msomaji huliona jambo hilo kabla hajasoma neno lolote, na hicho ndicho tulichokuwa tunakitafuta.

Umbo hili nalo lina deni lake. Kwa kuanzia 100, tumeufuta ukubwa, na Pwani inaonekana kama jitu ilhali ilikuwa na watu pungufu ya nusu ya wale wa Dar es Salaam. Deni la tabaka moja hulipwa katika tabaka jingine. Njia mojawapo ni unene wa mstari, ambayo mhandisi Mfaransa Charles Joseph Minard aliitumia mwaka 1869 alipochora safari ya jeshi la Napoleon kwenda Moscow mwaka 1812: utepe wenye unene wa watu 422,000 unaondoka mpakani, ukizidi kuwa mwembamba njia nzima, na utepe mweusi wa watu 10,000 ndio unaorudi, huku chini yake mstari mwingine ukionyesha baridi ilivyozidi. Njia ya pili, ambayo ndiyo niliyoifuata kwa sababu mchoro wangu ni mdogo, ni kuandika mwishoni mwa kila mstari idadi halisi: "Pwani, kutoka milioni 1.1 hadi milioni 2.0".

Wapo watakaosema: mbona usichore ramani? Ramani ina raha yake, kila mtu hutafuta kwao kwanza. Lakini ramani huipa ardhi sauti ambayo watu hawana. Mkoa wa Tabora una zaidi ya kilomita za mraba 76,000, zaidi ya mara 50 ya Dar es Salaam. Ukiijaza mikoa yote rangi kwa idadi ya watu, Tabora itaitawala karatasi, na Mjini Magharibi huko Zanzibar, yenye watu 893,169 katika kilomita za mraba zipatazo 230 tu, itakuwa doa lisiloonekana kwenye simu, ingawa msongamano wake unakaribia kulingana na ule wa Dar es Salaam, zaidi ya watu 3,800 kwa kilomita ya mraba. Kwa hiyo ramani za kujaza rangi zitumike kwa viwango, kama msongamano au asilimia, na maeneo madogo yachorewe dirisha lake la kukuza pembeni. Angalia pia unagawanya kwa eneo gani: zaidi ya nusu ya Mkoa wa Mwanza ni maji ya Ziwa Victoria, na msongamano utakaoupata ukihesabu ziwa ni tofauti kabisa na ule wa nchi kavu. Na iwapo ramani yako ni ya dunia nzima, kumbuka kwamba ule mchoro wa Mercator wa mwaka 1569, ambao bado umetundikwa madarasani, huionyesha Greenland ikikaribia kulingana na Afrika, ilhali Afrika ni kubwa mara 14.

Ramani inapata nguvu yake kamili pale matabaka mawili yanapokutana na kusema jambo ambalo hakuna moja lingelisema peke yake. Daktari John Snow alipochunguza kipindupindu katika mtaa wa Soho, London, mwaka 1854, aliweka kijistari cheusi kwa kila kifo mbele ya nyumba husika, kisha akaweka visima vya pampu. Vijistari peke yake ni orodha ya misiba. Pampu peke yake ni miundombinu. Vikiwekwa pamoja, vifo vinaonekana vikijazana kuizunguka pampu ya Broad Street. Zaidi ya hapo, palipokuwa patupu napo palisema: kiwanda cha bia kilikuwa hatua chache kutoka pampuni, na Snow alipouliza aliambiwa kwamba wafanyakazi wake walikuwa wakipewa bia, na maji ya kisima kile hawakuwa wakiyanywa. Ukichora ramani yako, usiharakishe kuyafunika mapengo kwa rangi hafifu. Tofautisha kwa alama dhahiri kati ya "hakuna tukio" na "hakuna takwimu", kwa sababu kwenye ramani nyingi nilizoziona vyote viwili vimeachwa vyeupe.

Rangi

Rangi ina kazi mbili zisizochanganywa. Ikiwa inatofautisha aina, kwa mfano dini, mazao au njia za daladala, tumia rangi mbalimbali zenye mkolezo unaolingana ili isionekane kwamba moja ni bora kuliko nyingine. Ikiwa inaonyesha kiasi, tumia rangi moja inayokolea hatua kwa hatua, kutoka hafifu kwa kidogo hadi iliyokolea kwa kingi. Upinde wa mvua, unaopendwa sana na programu za ramani, haufanyi kazi yoyote kati ya hizo, kwa sababu hakuna jicho linalojua kama zambarau ni nyingi kuliko kijani.

Somo la mkolezo nililipata kwa aibu. Niliwahi kuchora ramani ya kata kwa kutumia nyekundu kwa maeneo ya hatari na kijani kwa maeneo salama, rangi zote mbili zikiwa zimekolea sawasawa, nikaipeleka ofisi moja iliyokuwa imeiagiza. Wao waliitoa kopi kwa mashine ya nyeusi na nyeupe na kuzigawa kwenye mkutano. Kila kata ilikuwa na kijivu kilekile. Ufunguo wa ramani nao ulikuwa na visanduku viwili vya kijivu kilekile, kimoja kimeandikwa "hatari" na kingine "salama", na mzee mmoja aliyekaa mbele aliuliza kwa utulivu kabisa, "Sasa mwanangu, sisi tumo kwenye kijivu kipi?" Tangu siku hiyo hakuna mchoro unaotoka mezani kwangu kabla sijautoa kopi ya kijivu. Kipimo hicho kinawasaidia pia wasioweza kutofautisha nyekundu na kijani, ambao miongoni mwa wanaume wenye asili ya Ulaya ya Kaskazini hufikia takriban 8 katika kila 100, na ambao wapo katika kila jamii.

Halafu kuna maana ambazo rangi huja nazo kutoka nyumbani. Nyekundu, nyeusi na nyeupe za kanga ya kisutu humpeleka mwanamke wa mwambao moja kwa moja kwenye harusi. Kijani na njano, ukizitumia Tanzania katika grafu yenye habari za serikali, zitasomwa kuwa ni CCM hata kama ulikuwa unazungumzia mahindi, na katika grafu ya habari nyepesi zitasomwa kuwa ni Yanga. Ukiweka nyekundu na nyeupe upande wa pili, umeshaanzisha ligi. Rangi ya machungwa nchini Kenya haiwezi kuwekwa kwenye grafu ya kura bila kukitaja chama cha ODM. Siwezi kukupa orodha ya rangi zisizo na mwenyewe, kwa sababu kila mahali pana wenyewe, lakini unaweza kumwonyesha mtu wa mahali husika visanduku vya rangi tu, bila maneno, ukamuuliza vinamkumbusha nini. Kwa mchoro wetu nilitumia kijivu kwa mstari wa nchi, ili ukae nyuma kama kipimo. Nyeusi nyembamba kwa Dar es Salaam. Rangi ya udongo kwa Pwani. Na nyeusi nene kwa mikoa miwili pamoja, kwa kuwa huo ndio mstari ambao jina linauzungumzia. Mistari ya kupimia ya nyuma niliififisha hadi ikabaki kidogo tu.

Tarakimu, saa na majira

Herufi na tarakimu huonekana kama tabaka lisilo na utata, na ndiyo maana makosa yake hudumu. Msomaji wa Dodoma au Nairobi akiona 3,800 anasoma elfu tatu na mia nane. Msomaji wa Lubumbashi au Bujumbura, aliyefundishwa hesabu kwa Kifaransa, amezoea mkato uwe alama ya desimali, na anaweza kusoma tatu nukta nane. Mchoro utakaovuka mipaka uandikwe "milioni 2" au "elfu 45" kwa maneno kila inapowezekana.

Saa ndiyo mtego wetu mkubwa zaidi. Ukichora grafu ya abiria wa daladala na kuacha chini yake "2:00" kama lahajedwali ilivyoweka, msomaji wa Kiswahili ana haki ya kusoma saa mbili asubuhi, wakati msongamano ni mkubwa, ilhali tarakimu hiyo ni ya saa nane usiku. Andika "saa 2 asubuhi", au utumie mfumo wa saa 24 na kuutaja waziwazi, lakini usiviache viwili vikapigana kwenye mhimili mmoja.

Hata mahali mhimili unapoanzia pana maana. Grafu ya mvua ya Dar es Salaam inayoanza Januari na kuishia Desemba inaonyesha vilima viwili vizuri, masika ya Machi hadi Mei na vuli ya Oktoba hadi Desemba. Ukichukua kiolezo hichohicho ukachora mvua ya Dodoma, ambako msimu ni mmoja, unaoanza mwishoni mwa mwaka na kumalizika Aprili au karibu na hapo, msimu huo utapasuliwa vipande viwili, kimoja kushoto na kingine kulia, kana kwamba mkulima wa huko ana mvua mbili. Anzisha mhimili Julai na kilima kitarudi kuwa kimoja. Kalenda ya Januari ni ya ofisi. Mkulima huhesabu kuanzia anapotayarisha shamba.

Pindo

Pindo la kanga huizuia isifumuke na hueleza kanga inaishia wapi. Pindo la mchoro ni yale maandishi madogo ya pembeni ambayo wengi huyaona kuwa ni urasimu: chanzo, tarehe, kipimo, na kilichoachwa nje. Yaandike kwa herufi ndogo, lakini zisomeke kwenye simu. Katika mchoro wetu niliandika kwamba takwimu ni za Sensa ya Watu na Makazi, ambayo mwaka 2012 ilihesabu waliolala nchini usiku wa kuamkia tarehe 26 Agosti na mwaka 2022 usiku wa kuamkia tarehe 23 Agosti. Kwamba kila kundi limepewa 100 mwaka 2012. Na kwamba Pwani ni mkoa mzima, Mafia ikiwamo. Maneno "usiku wa kuamkia" yana uzito, kwa sababu yanamwambia msomaji kwamba anayefanya kazi Dar es Salaam na kulala Kibaha amehesabiwa Kibaha, na bila kujua hilo hawezi kuuelewa ule mstari wa Pwani unavyopanda.

Kama kuna jambo uliloliacha makusudi, liseme hapo. Mimi niliiacha mikoa mingine yote, na mtu wa Geita ana haki ya kuniuliza kwa nini hayumo.

Jaribu kila tabaka peke yake

Mchoro ukikamilika, uvue nguo moja moja. Toa kwanza kopi ya kijivu, uone kama maana imebaki bila rangi. Kisha ufunike maneno yote kwa karatasi, uache maumbo tu. Umbo likisema kinyume cha jina, rudi mwanzo, usitafute neno la kuwapatanisha. Kisha funika maumbo na usome maneno peke yake, kichwa hadi pindo, kama mtu anayesikia redioni. Mwisho, uweke kwenye simu yenye kioo kidogo, ushushe mwanga, unyooshe mkono, na utazame kwa sekunde tano.

Baada ya hapo utafute mtu ambaye hakuwamo katika kazi hiyo, umpe mchoro bila kuueleza, na umuulize, "Unaona nini?" Usimuulize kama ameelewa, maana kwa adabu atakujibu ndiyo. Andika neno lake la kwanza kama alivyolisema. Mimi nilimwonyesha dada anayetuuzia chai na vitumbua mlangoni kwa ofisi. Aliitazama simu, akasema, "Pwani imepaa," kisha akafuata kwa kidole ule mstari mweusi mnene na kusema kwamba hao wawili wanakwenda pamoja. Nikawa nimeshaanza kufurahi. Halafu akagusa mstari uliokuwa chini ya kidole chake, akaniuliza, "Kaka, na huyu wa kijivu anayekwenda naye, ni nani?"

Nilikuwa nimeufifisha mstari wa nchi hadi jina lake likafifia nao. Nilirudi ndani nikaandika "Tanzania nzima" mwishoni mwa mstari, kwa herufi nyeusi, na kijivu nikakiacha kwenye mstari tu.